Delphia Messer na Shtaka la Mizizi

Delphia Messer alikuwa na mikono ambayo wazee waliitambua hata wakiwa wamefumba macho. Akimgusa mtu begani ili amgeuze kitandani, hata yule aliyekwisha kusahau majina ya watoto wake mwenyewe alitulia, akajua kuwa huyu si mgeni. Kazi hiyo ya kuosha, kulisha na kuvalisha wazee aliianza akiwa mke mchanga, akaendelea nayo mumewe alipofariki, hadi ile nyumba ya wazee iliyo chini ya barabara ya mlima ikawa kwake nyumbani zaidi kuliko nyumba aliyolala. Wahudumu wengine walikuja na kuondoka, wakifuata mishahara ya mjini Asheville. Yeye alibaki. Watu wa kaunti ya Tolliver, huku milimani Karolina Kaskazini, kabla ya kumpeleka mama yao pale, walikuwa wakiuliza kwanza zamu ya Delphia ni ipi.

Kitu kingine alichokijua ni msitu. Kila Septemba, majani ya seng yanapoanza kugeuka manjano chini ya miti mikubwa, alichukua kijiti chake cha kuchimbia na mfuko wa turubai akapanda mlimani. Seng ndilo jina la jinsengi huku kwetu, mzizi ule wenye umbo la kimtu chenye miguu, ambao wanunuzi huusafirisha hadi Hong Kong, na ambao umewanunulia watoto wa milima hii viatu vya shule tangu kabla viwanda vya soksi havijafunguliwa na baada ya kufungwa. Mama yake alimfundisha masharti. Usichimbe mmea ambao haujazaa matunda mekundu. Ukiuchimba, matunda yake uyarudishe ardhini, kina cha kidole, ufunike kwa majani makavu na kukanyaga kwa kisigino. Asiyefanya hivyo huku anaitwa mwizi, hata kama anachimba kwenye ardhi yake mwenyewe.

Hiyo ndiyo maana ya wizi aliyokua nayo Delphia, na ndiyo iliyomponza.

Mteremko aliochimba ulikuwa wa mzee Burl Ledford. Burl alimwambia mama yake Delphia, miaka mingi nyuma, "Chimbeni tu, mimi sikuipanda." Hakuandika karatasi. Nani angemwandikia jirani yake karatasi ya kuingia msituni? Burl akafa, watoto wake wakauza, na aliyenunua akawa Bwana Whitcombe, daktari wa meno mstaafu, mmoja wa wale tunaowaita warudi-nusu: waliikimbia baridi ya kaskazini wakaenda Florida, kisha wakalikimbia joto la Florida wakarudi nusu ya njia, wakakwama kwetu.

Delphia alijua kuwa ardhi imeuzwa. Lakini alijua pia desturi, kwamba ardhi hubadilisha mmiliki na ruhusa hubaki, mpaka mtu aje akuambie usoni kuwa imekwisha. Hakuna aliyekuja. Alichokikuta Septemba ile ni mistari ya rangi ya zambarau kwenye magome ya miti, usawa wa kifua, mti baada ya mti.

Yeyote aliyekulia huku anajua maana ya rangi kwenye mti. Wakata mbao wamepita, wamechagua, na mti huo utaanguka. Rangi ya bluu alikuwa ameiona, na ya chungwa pia. Zambarau hakuwahi, lakini kampuni za mbao kila moja ina mambo yake. Akasimama akatazama bonde zima, akaona mistari hadi juu. Wataukata msitu wote. Mashine zao zenye magurudumu ya minyororo zitapita hapa, zisage kila kilichomo ardhini.

Kwa hiyo siku hiyo alichimba kuliko alivyowahi kuchimba maishani. Na matunda hakuyafukia palepale, kwa maana palepale hapakuwa na kesho. Aliyabeba kwenye aproni yake akavuka kijito, akapanda penye majabali ambako hakuna mashine ingeweza kusimama, akapiga magoti, akayazika moja moja. Kamera ndogo ya kuvizia kulungu, iliyofungwa kwenye shina la mti na kutuma picha kwenye simu ya Bwana Whitcombe, ilimtazama muda wote huo.

Jioni naibu sherifu Rondal Hyatt alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Habari za jioni, Bi Delphia."

"Nzuri, Rondal. Mguu wa mama yako vipi?"

"Bado unamsumbua. Bi Delphia, samahani, nimetumwa. Una haki ya kunyamaza, unajua, na ukisema kitu kinaweza kutumika mahakamani." Alisema maneno hayo haraka na kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoombea chakula wakiwa na njaa. "Ulikuwa juu kwa Ledford leo?"

"Nilikuwa. Ingia basi, mkate wa mahindi bado wa moto."

"Leo siwezi kula kwako, mama. Ulichimba seng?"

"Ningechimba nini tena, dhahabu? Iko pale kibarazani inakauka. Wanaukata msitu wote, Rondal, umeona? Nimeokoa nilichoweza."

Delphia ndiye aliyemuosha bibi yake Rondal kwa mara ya mwisho, akamfunga nywele. Kumnyamazia mtu kama huyo mlangoni mwako ni utovu wa adabu. Hivyo haki yake ya kunyamaza ilipita masikioni mwake bila hata kubisha hodi, naye akasema yote, na Rondal akaandika yote.

"Ile zambarau si ya wakata mbao," alisema hatimaye. "Ni sheria ya jimbo. Rangi hiyo ni sawasawa na kibao cha kusema usiingie."

"Tangu lini?"

"Muda sasa."

"Na mbona wasiandike tu usiingie?"

"Wanasema vibao vinang'olewa."

"Mimi nimewahi kung'oa kibao cha mtu?"

Rondal akakuna shingo. "Halafu kuna hili la seng. Ukichukua seng kwenye ardhi ya mtu mwingine, hapa Karolina Kaskazini, hilo si kosa dogo. Ni jinai kubwa. Uchukue mzizi mmoja, uchukue gunia, ni ileile."

"Na ningemwibia kuku?"

"Kuku ni kosa dogo."

"Kwa hiyo ningevunja banda la yule daktari wa meno ningekuwa pazuri zaidi."

"Usinichekeshe nikiwa naandika, Bi Delphia. Tafadhali."

Akampeleka kwa hakimu wa zamu, Delphia akaahidi kwa sahihi yake kufika mahakamani, kisha Rondal huyohuyo akamrudisha nyumbani. Njia nzima walizungumza habari za mguu wa mama yake.

Asubuhi Karlene Fisk, msimamizi wa nyumba ya wazee, alimwita ofisini kabla hajavaa aproni. Karlene hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelia, ilionekana.

"Mtu mwenye shtaka la jinai kubwa haruhusiwi kumgusa mkaazi, Delphia. Nakusimamisha. Si mimi, ni kampuni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe."

"Ikiisha narudi?"

"Inategemea itaishaje."

"Iishe vipi ndiyo nirudi?"

"Hilo muulize wakili wako."

Delphia hakuwa na wakili bado. Mahakama ilikuwa imemteulia, lakini simu yake ilipokelewa na mashine. Akaenda kaunta ya mahakama, akamwuliza karani: mtu akikutwa na hatia ya hiki anapoteza nini? Karani akamwonyesha tangazo ukutani, kwamba wafanyakazi hawaruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Akapiga simu kwenye ofisi ya jimbo inayoshika daftari la wahudumu, na mwanamke mmoja mwenye sauti tamu akamwambia kwamba wao huangalia hukumu ikishatoka. Kabla ya hapo hawawezi kusema lolote, amwulize mwajiri wake. Mwajiri alikuwa Karlene. Kwa hiyo alikuwa amezunguka kama ng'ombe wa kinu na kurudi pale alipoanza, na kiu yake ni ileile.

"Hawa watu," alimwambia kaka yake Harless wakila maharagwe, "kila mmoja ameshika kipande chake. Hakuna mwenye shuka zima."

Harless, ambaye alikuwa fundi wa matrekta na hakuamini kitu kisichokuwa na injini, alimenya kitunguu chake. "We nenda ukiri, dada. Yaishe. Huku kila mtu ana kosa lake dogo. Mimi ninalo la yule samaki niliyemvua bila leseni."

"Wewe huoshi wazee."

"Natazama sura yangu kwenye kioo nadhani Mungu alikuwa na sababu."

Delphia hakucheka. Usiku na mchana, jambo moja lilikuwa linamkwaruza. Si jela. Jela hakuiwazia sana. Alichowaza ni Bi Iva Lou Trantham, chumba cha mwisho upande wa dirisha, aliyepooza upande wa kushoto baada ya kiharusi, na ambaye hakukubali kulishwa na mtu mwingine ila kwa kusukumiwa kijiko. Je, nani anamlisha?

Siku ya mahakama wakili wake alimpata kwenye korido. Maribeth Sorrells alikuwa mwanamke mwembamba mwenye rundo la mafaili kifuani kama mtu aliyebeba kuni, na alizungumza akiwa bado anatembea.

"Bi Messer? Sawa. Habari ni nzuri. Mwendesha mashtaka yuko tayari kushusha. Badala ya jinai kubwa, utakiri wizi, kosa dogo. Hakuna jela, mwaka mmoja chini ya uangalizi. Ulikwisha kumwambia naibu kila kitu, kwa hiyo hatuna la kupigania. Ningekuwa wewe ningechukua."

"Na kazi yangu?"

"Hilo ni suala la leseni. Mimi nafanya jinai."

"Nikikiri wizi, nitaruhusiwa kugusa wazee?"

Maribeth alitazama saa ukutani. "Ni kosa dogo tu, mama. Dogo."

Delphia akaketi kwenye benchi la mbao pamoja na wengine. Walikuwa vijana wengi, na wanaume wenye mashati yaliyokunjwa dukani, bado na mistari ya mikunjo. Mmoja baada ya mwingine walisimama, wakaweka mkono juu ya Biblia, na jaji akawasomea maswali kwa sauti ya mtu anayehesabu kondoo. Unaelewa shtaka? Ndiyo, mheshimiwa. Unaelewa haki unazoziacha? Ndiyo, mheshimiwa. Unaelewa matokeo ya kukiri? Ndiyo, mheshimiwa. Ilikuwa kama kuitikia kanisani, na Delphia, aliyeitikia kanisani maisha yake yote, alihisi mdomo wake unajiandaa wenyewe.

Jina lake likaitwa. Akasimama, akaapa, akajibu ndiyo la kwanza, akajibu ndiyo la pili.

"Na unaelewa matokeo ya kukiri kosa hili?"

"Hapana, mheshimiwa."

Kalamu ya karani ikasimama. Maribeth akamgusa kiwiko.

"Bi Messer," jaji alisema, bila ukali, "hili ni swali la kawaida."

"Najua, mheshimiwa. Nimewasikia wenzangu wakilijibu. Lakini nimeuliza huku kote, hakuna aliyeniambia, na mkono wangu uko juu ya Biblia."

Mtu nyuma akacheka, akaacha. Jaji akavua miwani, akayabana macho yake kwa vidole. "Wakili, nenda ukamweleweshe mteja wako. Mtarudi baada ya chakula cha mchana."

Maribeth alimpeleka kwenye chumba kidogo chenye meza na sanduku la vitambaa vya karatasi, akafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Umeniaibisha."

"Samahani, mwanangu. Hukuwa na muda nami, ningefanyaje?"

Wakili akaketi. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kuketi tangu asubuhi. Akapiga simu, akasubiri, akapiga nyingine, na Delphia akauona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu aliyefungua friji akakuta kitu kimeoza. Alipoweka simu chini alisema, "Wizi, hata uwe mdogo namna gani, kwenye kazi yako ni wizi. Ukikiri leo unalala nyumbani, ni kweli. Lakini hakuna nyumba ya wazee itakayokuchukua. Watakutazama kama mtu anayeibia wagonjwa pete."

"Basi hilo ndilo nililokuwa nauliza."

"Ndiyo," Maribeth alisema. "Ndilo ulilokuwa unauliza." Akavuta kompyuta yake. "Nieleze tena siku yenyewe. Polepole."

Delphia akaeleza: rangi, wakata mbao, mashine. Maribeth akafungua picha za kamera ya kulungu, ambazo zilikuwa kwenye faili tangu mwanzo na ambazo hakuna mtu, wala yeye mwenyewe, aliyezitazama hadi mwisho. Palikuwa na mwanamke aliyeinama akichimba, na hapo ndipo kila mtu alikuwa ameishia. Sasa mwanamke yule alijaza aproni, akavuka kijito taratibu kwa sababu ya goti, akapiga magoti penye majabali.

"Hapa unafanya nini? Mwendesha mashtaka anasema unaficha."

"Nafukia mbegu. Kule mashine haifiki."

"Zitachukua muda gani mpaka zichimbike?"

"Miaka minane. Kumi, penye kivuli kama kile."

Maribeth alirudisha picha nyuma, akatazama tena. Sheria haimwiti mtu mwizi kwa sababu ya mkono peke yake, alisema, kama anayejikumbusha somo la chuo. Inatazama pia nia. Na mtu aliyekuja kuiba hapigi magoti kupandia mwenye shamba mavuno ya miaka kumi ijayo.

Mazungumzo ya korido yalichukua mchana mzima. Mwendesha mashtaka alikuwa na orodha ndefu na hakupenda kurudi nyuma. Alisema seng inaibiwa kila msimu, kwamba alishawaambia watu wote kuwa hatamwonea mtu huruma, kwamba akimwachia mmoja kwa sababu ya magoti, kesho wote watapiga magoti. Bwana Whitcombe aliitwa. Alikuja na viatu safi vya kupandia mlima, mrefu, aibu imemjaa usoni.

"Mimi sikutaka mtu afungwe," alisema. "Nilitaka waache kupita tu." Akamgeukia Delphia. "Hizo ulizofukia, ziko upande wangu?"

"Ng'ambo ya kijito ni kwako hadi kwenye jabali lililopasuka."

"Zitaota lini?"

"Mwaka wa pili. Usizikanyage."

Mwisho wake, Delphia alikiri kwamba aliingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa, kosa la chini kabisa katika vitabu vyao. Shtaka la wizi wa jinsengi likafutwa. Jaji alipomwuliza kama anaelewa matokeo, alimtazama Maribeth kwanza, kisha akasema ndiyo, na safari hii alidhani anaelewa.

Kesho yake alikwenda kwa Karlene akiwa amevaa aproni iliyopigwa pasi. Karlene aligeuza skrini ili naye aone.

"Mimi nimefurahi, Delphia, usidhani sikufurahi. Lakini tazama. Jinai kubwa, wizi. Mashine ya makao makuu imelikamata."

"Pembeni imeandikwa limefutwa."

"Limefutwa, ndiyo. Lakini linaonekana."

"Limefutwa vipi, Karlene, na wewe unalisoma?"

Karlene alikuwa na kanuni: wanaoonekana hivyo hawapangiwi zamu mpaka rekodi isafishwe. Maribeth, kwenye simu, alisema kwamba rekodi husafishwa, ni haki yake, kuna ombi la kupeleka na kuna foleni. Foleni ya miezi? Delphia akauliza. Inategemea kaunti, mama, Maribeth akasema. Alimwomba radhi, na Delphia aliamini kwamba alimaanisha, na radhi hiyo hakujua aiweke wapi.

"Kumtembelea Bi Iva Lou je?" alimwuliza Karlene. "Mgeni anakaguliwa rekodi?"

"Mgeni hapana. Njoo kama mgeni. Ila usiguse mtu. Nakuomba sana, usinifanye nikufukuze na huku."

Akaja siku ya Jumapili, baada ya kanisa, akaketi kwenye kiti cha wageni katika chumba cha mwisho upande wa dirisha. Bi Iva Lou alikuwa amepungua. Nywele zake zilikuwa safi lakini zimechanwa upande ambao hakuwahi kuzichania. Mhudumu aliyeletwa na wakala, mwanamke wa makamo mwenye haraka na mgongo unaouma, aliingia na sweta.

Akaanza na mkono mzima, wa kulia. Delphia aliona kosa kabla halijatokea: mkono mzima ukishaingia, sweta hukaza, na ule uliolala lazima upindwe nyuma ndipo upate tundu. Mhudumu akaupinda. Bi Iva Lou hakulia. Alifumba macho tu.

"Anza na ule uliopooza, dada," Delphia alisema. "Ukianza na ule, mwingine unajisaidia wenyewe."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana."

"Basi nisamehe, mama, kaa. Nikikuachia uguse, atakayeulizwa ni mimi."

Delphia akakaa. Akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kitu mezani. Mhudumu akavuta, sweta likapanda begani kombo, akaridhika, akaenda chumba kingine ambako kengele ilikuwa ikilia.

Bi Iva Lou akafumbua macho. Alitazama bega lake, kisha akamtazama Delphia.

"Delphia. Mbona umekaa?"

"Nimeambiwa nikae, Bi Iva Lou."

"Na nani?"

Delphia akafungua mdomo. Si daktari wa meno; yule alitaka tu watu waache kupita. Jaji alikuwa amemwachia. Karlene alisema ni kampuni, kampuni ilisema ni mashine, na mashine ilikuwa inasoma kitu kilichofutwa. Akamtafutia mzee jina la mtu, jina moja tu, asilipate, mikono yake bado chini ya mapaja, sweta likiwa kombo vilevile.